Mizani ya Ragati

Jani la chai likishachunwa halingoji. Likikaa kikapuni kwa saa kadhaa hupata joto, hunyauka, huanza kuwa jekundu pembezoni, na bei yake hushuka. Mama wa Mathira, Nyeri, aliyeamka gizani kuchuna majani kwenye kipande chake cha shamba huwategemea watu ambao pengine hajawahi kuwaona: dereva wa lori, anayetengeneza barabara ya udongo, karani wa mizani, fundi wa mashine ya kukaushia, dalali kwenye mnada wa Mombasa. Mmoja wao akizembea, jasho la siku nzima limekwenda bure. Mmoja wao akiwa mwizi, mama huyo huenda asijue kamwe.

Maelfu ya watu wadogo wasiojuana wafanyeje kazi moja, kwa saa moja, bila kuibiana? Swali hilo lina vitabu vingi na maprofesa wengi duniani. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua limejadiliwa kwa zaidi ya miaka 70 kwenye mabanda ya mbao, viwanja vya shule na kumbi za makanisa, na watu waliokuja mkutanoni na matope ya shamba miguuni. Siku hizi hoteli za Nyeri na Nanyuki hupokea semina za uongozi, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambacho mizizi yake ni taasisi ya harambee ya mwaka 1972, hufundisha vijana usimamizi wa biashara. Nafurahi kuyaona hayo. Ila huniuma mifano yote inapotoka Detroit na Tokyo, wakati kiwanda cha chai cha Ragati kiko pale pale juu ya Karatina, na historia yake ina mafunzo ambayo wageni walivuka bahari kuja kuyatafuta.

Kabla ya chai kulikuwa na mboga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ilihitaji chakula kisichooza cha kulisha majeshi, ikaanzisha viwanda vya kukaushia mboga Karatina na Kerugoya. Wakulima wa Mathira na Ndia walipanda, walipalilia, walibeba mizigo mgongoni hadi kiwandani, na kwa mara ya kwanza wengi wao wakaonja ladha ya kuwa na mnunuzi wa uhakika. Vita vilipokwisha, jeshi halikuhitaji tena viazi vikavu. Kiwanda cha Karatina kikafungwa. Uamuzi ulitoka juu kama ulivyotoka juu ule wa kukifungua, na mkulima aliyekuwa amepanua shamba lake akabaki na mavuno yasiyo na pa kwenda. Kumbukumbu hiyo ilikaa. Mtu aliyewahi kufungiwa kiwanda bila kuulizwa huja kwenye mradi unaofuata na maswali.

Wala hawakuwa wageni wa kufanya kazi kwa pamoja. Wakikuyu wana ngwatio: leo majirani wote hulima kwako, kesho kwangu, keshokutwa kwa yule mjane wa ng'ambo ya kijito. Ngwatio haina karani wala daftari kwa sababu haiyahitaji. Kila mmoja anaona nani amekuja na nani amejificha nyumbani, na deni la jembe hulipwa kwa jembe. Nguvu yake ni macho ya watu wanaojuana, na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Huwezi kufanya ngwatio na dereva wa lori anayetoka wilaya nyingine. Huwezi kuifanya na mnada ulio Mombasa. Chai ililazimisha watu wa Nyeri kubuni namna ya kumwona mtu asiyeonekana.

Hadi miaka ya 1940 chai ya Kenya ilikuwa mali ya makampuni na walowezi wa Kericho, Nandi na Limuru. Mwafrika alichuna, lakini hakuruhusiwa kumiliki mmea. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wilaya ya Nyeri ikachaguliwa kuwa uwanja wa majaribio, na miche ya kwanza ya wakulima wadogo ikaingia kwenye udongo wa Mathira, karibu na msitu, ambako mvua haikosi na ardhi ni chachu. Ulikuwa wakati mgumu kupindukia. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Watu walihamishwa kwa nguvu wakakaa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro, vijana walikuwa msituni au kizuizini, na mashamba yalikuwa yakipimwa upya na kuunganishwa. Mpango wa Roger Swynnerton wa mwaka 1954, ulioruhusu Waafrika kupanda mazao ya biashara kwa upana, ulibuniwa katikati ya moto huo ili kujenga tabaka la wakulima watakaokuwa na kitu cha kupoteza. Tusilisahau hilo tunapoisifu chai. Mmea huu uliingia Nyeri ukiwa sehemu ya mkakati wa vita, na wale walioupokea walikuwa na sababu zote za kuushuku.

Mwaka 1957 kiwanda cha Ragati kikafunguliwa, cha kwanza nchini Kenya kujengwa kwa ajili ya majani ya wakulima wadogo wa Kiafrika. Wapo waliosema hakitadumu. Wataalamu wa mashamba makubwa waliamini chai bora hutoka kwa vibarua wanaosimamiwa na mnyapara, kwenye shamba la maelfu ya eka, na kwamba mtu mwenye vichaka mia chache nyuma ya jikoni lake atachuna majani yaliyokomaa na kuua jina la chai ya Kenya. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Chai nzuri ni majani mawili na kichipukizi, basi. Ukichuna manne unapata uzito zaidi na fedha zaidi leo, lakini kinywaji kinachotoka ni hafifu na cha bei ya chini. Nani atamzuia mkulima ambaye hana mnyapara?

Jibu lilitokana na jinsi kazi ilivyopangwa. Mwaka 1960 iliundwa mamlaka ya mazao maalumu, na Januari 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, ikazaliwa upya kama Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, KTDA, kwa mikopo ya Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola na Benki ya Dunia. Mamlaka ilikuwa ya serikali, lakini chini yake kulikuwa na ngazi ya kamati. Wakulima wa tarafa walichagua kamati yao, kamati za tarafa zikatoa wajumbe wa wilaya, wilaya zikatoa wajumbe wa mkoa, na juu kabisa wawakilishi wa wakulima wakakaa kwenye bodi pamoja na maofisa wa serikali na wakopeshaji.

Hebu tukae kidogo kwenye banda la kununulia la miaka hiyo, maana hapo ndipo mambo yote yanapokutana. Ni paa la mabati juu ya nguzo, meza ndefu, na mizani inayoning'inia. Mkulima humwaga majani yake mezani mbele ya wenzake wote. Karani huyapekua, yaliyokomaa hutupwa kando. Kisha hupimwa, kilo huandikwa kwenye kitabu, na mkulima hupewa risiti. Kila hatua ina mashahidi. Anayekataliwa majani huona aibu, na aibu hiyo hufanya kazi ambayo mnyapara angelipwa kuifanya. Akihisi ameonewa, ana mjumbe wa kamati wa kumwendea, na mjumbe huyo ni jirani yake aliyemchagua. Macho ya ngwatio yalirudi hivyo, safari hii yakiwa na mizani na daftari.

Macho hayo hayakumwangalia mkulima peke yake, na hilo ndilo ninaloliona kuwa kubwa zaidi. Lori lilikuwa na ratiba, na lisipofika watu mia walikuwa wamesimama pale wakiona majani yao yakinyauka, wakijua ofisa gani wa kumwuliza. Malipo nayo yalipangwa kwa namna ya kuwafungulia wakulima vitabu. Kila mwezi mkulima alipata malipo ya kwanza kwa kila kilo, yaliyokatwa kidogo kulipia miche na mikopo. Mwisho wa mwaka yalikuja malipo ya pili, ambayo kila mtu mlimani huyaita bonasi, na hayo yalitegemea kiwanda chake kiliuzaje. Wakulima wa kiwanda kimoja wakipata bonasi nono kuliko wa kiwanda jirani, mkutano wa mwaka ulikuwa na jambo la kuzungumza. Kwa nini sisi chini na wao juu? Kuni zilikuwa mbichi? Mashine ziliharibika? Meneja hakai kiwandani? Mtu ambaye hakumaliza darasa la nne alikuwa akilinganisha utendaji wa kampuni mbili kwa shilingi na senti, na kudai maelezo.

Kati ya 1970 na 1981 mamlaka iliongozwa na Charles Karanja, Mwafrika wa kwanza kuwa meneja mkuu wake, na viwanda viliongezeka kwa kasi kuanzia Nyeri, Murang'a na Kirinyaga hadi Meru na Kisii. Mwaka 1982 Benki ya Dunia ilichapisha utafiti wa Geoffrey Lamb na Linda Muller kuhusu KTDA. Wakati huo mashirika mengi ya umma Afrika yalikuwa yakizama, na hao wawili walitaka kuelewa kwa nini hili lilielea. Kiini cha majibu yao kilikuwa udhibiti, uwajibikaji na motisha: kwamba mfumo uliwapa wakulima sababu ya kufanya vizuri na njia ya kuwabana waliowahudumia. Mama wa Mathira angeweza kuwaambia hayo kwa maneno machache zaidi, kando ya mizani, lakini nafurahi kwamba yaliandikwa, kwa kuwa yasingeandikwa, leo yangedhaniwa ni hadithi za wazee.

Chini kidogo ya ukanda wa chai, kwenye udongo mwekundu wa kahawa, mambo yalikwenda njia nyingine. Vyama vya ushirika vya kahawa vya Nyeri vilikuwa vikubwa na vyenye heshima, na watoto wengi wa wilaya walisomeshwa na kahawa, hasa miaka ya 1976 na 1977 baada ya baridi kali kuharibu mikahawa ya Brazil na bei kupaa duniani. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka, na udhaifu uliokuwa umefunikwa na fedha ukajitokeza. Mkulima alipeleka matunda kiwandani na kungoja malipo kwa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, huku kati yake na mnunuzi kukiwa na chama, muungano, kinu na mnada, kila mmoja akikata chake. Sheria mpya ya ushirika ya mwaka 1997 ikaondoa mkono wa serikali kwenye usimamizi wa vyama kwa ghafla. Nia ilikuwa njema. Lakini wanachama waliachiwa uhuru bila kuachiwa zana za kuutumia: hesabu zilizokaguliwa kwa wakati, uchaguzi unaoaminika, mahali pa kushtaki. Vyama vikubwa vilianza kupasuka. Huko Mathira ugomvi wa kugawana viwanda ulimwaga damu ya majirani.

Kutokana na mpasuko huo vilizaliwa vyama vidogo. Gikanda ni kimojawapo, na jina lake limeshonwa kwa herufi za viwanda vyake vitatu: Gichathaini, Kangocho na Ndaro-ini. Jina lenyewe linaeleza walichokuwa wakikitafuta, chama kidogo kiasi kwamba kila mwanachama anakijua kila kiwanda. Kahawa ya vyama kama hivyo husafiri hadi Ulaya na Marekani ikiwa na jina la kiwanda chake kwenye mfuko. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa na usimamizi wa serikali ukarudishwa kwa kiasi. Bado naamini vyama vile vya zamani vingeweza kuokolewa kama mikutano ya wanachama ingebaki mahali pa kuhoji tangu mwanzo, badala ya kuwa mahali pa kusomewa.

Ukivuka mto na kuingia Murang'a unafika Kangema. Mwaka 1984 kundi la wenyeji wakiongozwa na Peter Munga lilianzisha hapo chama cha kukopesha fedha za nyumba, Equity Building Society. Wateja walikuwa wakulima wa chai na kahawa na wachuuzi, watu ambao benki za mjini hazikuwataka. Miaka tisa baadaye Benki Kuu ilikikagua na kukikuta kimefilisika kwa hesabu zote: asilimia 54 ya mikopo haikuwa ikilipwa, na hasara iliyolimbikizwa ilifikia shilingi milioni 33 dhidi ya mtaji wa milioni 3. Kwa kawaida kingefungwa na walioweka akiba wangelia.

Aliyeitwa kusaidia, James Mwangi, alikuwa mhasibu, mzaliwa wa Kangema aliyelelewa na mama mjane na kusoma Shule ya Upili ya Kagumo, Nyeri. Aliacha kazi ya benki Nairobi akaja kwenye taasisi iliyokuwa imekufa. Wafanyakazi walikuwa 27. Waliketi na kukubaliana jambo gumu: kwamba wao wenyewe wataweka sehemu ya mishahara yao kununua hisa, na wataenda kuwashawishi jamaa na wateja wafanye hivyo. Ukitaka kujua kama wafanyakazi wanaiamini kampuni, hakuna kipimo kikali kuliko hicho. Halafu wakaacha mikopo mirefu ya nyumba na kuanza kumsikiliza mteja: aliyetaka kukopa kidogo kidogo, aliyelipwa na kiwanda cha chai mara moja kwa mwezi, aliyeogopa sakafu inayong'aa na mlinzi mlangoni. Waliwafuata vijijini kwa magari yaliyogeuzwa kuwa matawi ya benki. Mwisho wa mwaka 2004 chama kilikuwa benki kamili, na Agosti 2006 hisa zake zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2012 Mwangi alitunukiwa tuzo ya dunia ya mjasiriamali wa mwaka huko Monaco. Mimi huvutiwa zaidi na kile kikao cha watu 27 kuliko sherehe hiyo, kwa sababu kikao kile kingeweza kuishia kwa kila mtu kuchukua koti lake na kwenda zake.

Nimeacha kwa makusudi mtu ambaye wengi hawamweki kwenye orodha ya wanafikra wa uongozi wa kazi, ingawa kwangu ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Tetu, mwaka 1940, akasoma kwa masista wa Mathari karibu na mji wa Nyeri kabla ya Limuru na Marekani. Vuguvugu la Green Belt alilolianzisha mwaka 1977 hutajwa kwa miti, lakini mtu akilitazama kwa jicho la meneja ataona mtandao wa maelfu ya vikundi vya wanawake wa vijijini uliofuata hatua kumi zilizopangwa, kuanzia kuunda kikundi hadi kurudi kukagua miche. Kikundi hakikulipwa kwa kupanda. Kililipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliothibitishwa kuwa hai. Ni kanuni ile ile ya banda la chai: fedha zifuate kitu kinachoweza kuonekana na kuhesabiwa. Maofisa wa misitu walipodai kwamba kuotesha miche kunahitaji diploma, wanawake waliotesha kwa vyungu vilivyovunjika na akili ya kilimo waliyorithi kwa mama zao.

Baadaye aliona miti haitoshi, akaanzisha semina. Washiriki waliketi na kuombwa wataje matatizo yao, na orodha ilijaa karatasi baada ya karatasi: njaa, mito iliyokauka, ukosefu wa kuni, karo, viongozi wabaya. Kisha wakaulizwa matatizo hayo yanatoka wapi. Karibu yote yalitupiwa serikali. Hapo Wangari alileta mfano wa basi. Mtu amepanda basi lisilo lake, na anafika mahali asipopajua, penye njaa na hatari. Ilikuwaje akapanda? Washiriki walijibu wenyewe: hakuuliza, alidanganywa na utingo, hakujua kusoma kibao, alilewa, alikuwa na kiburi, alitishwa. Kila jibu lilimrudia msemaji. Wakulima waliokuja kulalamika waliondoka wakijua ni basi gani walilokuwa wamepanda na kwamba mlango wake unafunguka kutoka ndani. Desemba 2002 watu wa Tetu walimchagua kuwa mbunge kwa takribani asilimia 98 ya kura, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Mwaka 2007 hao hao hawakumrudisha bungeni. Aliwafundisha kuhoji, na hakuna aliyesalimika na maswali yao, hata yeye.

Chai haikubaki ilivyokuwa. Mwaka 2000 KTDA iligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe, na viwanda vikawa makampuni yenye wenyehisa. Polepole mkulima akajikuta ndiye mwenye mali lakini uamuzi umepanda ngazi ambazo hazifikii. Uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda ulihesabiwa kwa hisa, kwa hiyo mwenye hisa nyingi alikuwa na sauti nyingi, na mama mwenye vichaka mia alisikika kwa mbali. Sheria ya Chai ya Desemba 2020, kisha amri ya Rais Uhuru Kenyatta ya Machi 2021, zilidai uchaguzi mpya ambao kila mkulima ana kura moja. Kesi zilifunguliwa, mawakili walilipwa, lakini mwaka huo wa 2021 wakulima walipanga foleni kwenye viwanda na kupiga kura, na wakurugenzi wengi waliozoea viti vyao wakaondoka.

Kwenye mabanda ya Mathira mizani ya kuning'inia imekwisha kupisha mashine ya kidijitali inayochapa risiti yenyewe. Karani huweka kikapu juu yake, namba huwaka, karatasi hutoka. Wanawake waliosimama nyuma husogea karibu, na kabla ya kikapu kuwekwa, mmoja wao humwomba karani aioneshe kwanza mizani ikiwa tupu, isomeke sifuri. Naye huionesha.